Akaunti ya Bi Zena Wakati wa Eda

Wanangu, nimewaona mnavyofanya kazi. Programu mpya ikija, mwabonyeza Endelea, Endelea, Kubali, Maliza, kisha mwanyanyuka kwenda kunywa chai. Nikiwauliza mmeweka mipangilio gani, mwanijibu, "Ile ile iliyokuja nayo, Bi Maimuna." Ile iliyokuja nayo! Kwani aliyeiunda alipata kukaa mtaa wetu wa Langoni, hapa Lamu, hata siku moja? Ajua nini mtu huyo kuhusu mavyaa, wifi, na simu moja inayoshikwa na nyumba nzima?

Sasa nimestaafu, kazi yangu mmeirithi nyinyi, na nina nafasi ya kuwasema, kwa hiyo kaeni niwaseme.

Kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa mtandao katika kituo kidogo cha ushauri wa afya kwa wanawake, ghorofani, juu ya karakana ya seremala. Tukifungua madirisha twapata vumbi la mbao, tukiyafunga twaiva kwa joto. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mwanamke mwenye swali asiloweza kulitamka mbele ya watu alifungua fomu kwenye tovuti yetu kwa simu, akachagua jina la muuguzi amtakaye, akaandika. Swali likaingia katika akaunti ya muuguzi huyo, naye akamjibu humo humo, mwenye swali akirudi kwenye tovuti alikute jibu lake. Mimi siyui hata kupima joto la mtoto. Yangu yalikuwa kufungua akaunti, kuzifunga, kutoa nywila kwa wanaozisahau, yaani wote, na kuamua nini kitokee pale mtu asipoamua chochote. Hilo la mwisho ndilo mnalolipuuza nyinyi.

Fomu ile tuliwekewa na fundi kutoka Mombasa, kijana mpole, alikula mikate ya mofa ya Langoni mpaka akaomba apewe ya njiani. Mungu amhifadhi alipo. Lakini aliiacha kama ilivyotoka dukani: jina kamili lazima, tarehe ya kuzaliwa lazima, nambari ya simu lazima. Basi wiki ya kwanza kila mwanamke wa visiwa hivi alikuwa amezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu fomu ilianzia hapo na hakuna aliyekuwa na haja ya kuihamisha. Na majina! Mama Fulani, Binti Fulani, wengine waliandika majina ya marehemu bibi zao. Mmoja kwenye nafasi ya jina aliandika "Mimi". Nilicheka peke yangu nikashika mbavu. Kisha nikaketi nikayaondoa yale ya lazima moja moja, nikaruhusu kila mtu ajiite atakavyo. Na ule ujumbe mfupi wa kumwarifu mtu kwamba amejibiwa nikauzima. Fikirini wenyewe: mume yuko barazani na wenzake, simu mfukoni, mara yalia: "Swali lako kuhusu hedhi limejibiwa." Wallahi ndoa ingevunjika na sisi tungefukuzwa mjini.

Kitu kimoja sikukibadilisha, kwa kuwa kilionekana cha heshima. Akaunti ya kwanza aliyoifungua yule fundi ilikuwa ya mkuu wa kituo, Bwana Athmani, kwa hiyo hiyo ndiyo ikawa akaunti kuu. Maana yake ni kwamba ujumbe wowote usio na pa kwenda huangukia humo. Bwana Athmani alikuwa mtu mzima, ndevu za hina, sauti ya chini, mwenye haya kuliko biharusi. Mkuu wa kituo cha wanawake, na akipita chumba cha ushauri hukohoa tangu ngazini ili watu wajifunike. Tulimpenda sana, na tukimcheka sana.

Ama Bi Zena, huyo alikuwa muuguzi mkunga, na ndiye aliyekifanya kituo kiwe kituo. Kwenye fomu kulikuwa na majina mengine, lakini wanawake walimchagua yeye. Alikuwa hamkaripii mtu. Swali la kipuuzi alilijibu kwa adabu ile ile aliyolijibia swali la maana, na mwisho aliandika daima, "Niandikie tena, nakusubiri." Nilimwambia, "Bi Zena, wawaharibu, watakuandikia mpaka ndoto zao." Akanambia, "Na waniandikie, Maimuna. Ndoto nazo zina habari."

Kisha mumewe akafariki. Alirudi kutoka sala ya adhuhuri, akalala kidogo, asiamke. Bi Zena akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yake, kama ajuavyo kila mtu hapa kwetu. Akaja muuguzi wa kushika nafasi, msichana anaitwa Nuru, mzuri wa kazi, mwepesi wa kucheka. Nikamfungulia akaunti yake. Na kwa kuwa nilijua wanawake wataendelea kulichagua jina la Bi Zena kwa mazoea, niliingia katika akaunti ya Bi Zena nikaweka amri kwamba kila ujumbe utakaoingia humo upelekwe pia kwa Nuru. Tukaenda hivyo, salama salimini, hata programu ikajiletea toleo jipya, bila hodi, kama paka wa mtaani.

Toleo lile lilikuja na mpangilio mpya, na ulikuwa umeshawashwa tayari: akaunti ambayo mwenyewe hajaingia kwa miezi mitatu ifungwe. Siwalaumu sana walioutunga. Kwa huko kwao, mtu akipotea miezi mitatu ameacha kazi, ameondoka. Huku kwetu mjane wa miezi mitatu bado yumo ndani, na nafasi yake yamngoja. Lakini mashine haikuuliza. Ilimfunga Bi Zena, na ile amri yangu iliyokuwa ndani ya akaunti yake ikafa naye.

Asubuhi moja Nuru alinijia na kikombe cha chai mkononi.

"Bi Maimuna, wanawake wa visiwa wamepona wote?"

"Kwa nini?"

"Juma zima sijapata hata swali moja la Bi Zena. Pate kimya, Kiwayu kimya. Hata yule mama wa Mokowe wa kuuliza kila kitu, kimya."

Wanangu, shikeni hili. Sanduku la barua likijaa, watu watakupigia kelele na utajua. Likiwa tupu, hakuna atakayekuambia. Mimi kimya kikizidi huingiwa na baridi. Nilifungua orodha ya watumiaji, nikaliona jina la Bi Zena limefifia, kando yake pameandikwa: Imefungwa. Kama amefungwa, maswali yanaangukia wapi?

Nikapanda kwa Bwana Athmani mbio mbio na buibui langu likininasa miguuni. Alikuwa kwenye meza yake, na kompyuta yake, hamtaamini, alikuwa ameibandika ukanda wa karatasi upande mmoja wa kioo, kwa gundi ya utepe, kutoka juu mpaka chini.

"Bwana Athmani, hii ni nini?"

Akaangalia sakafuni. "Bi Maimuna, nilikuwa nakungoja nikuone peke yako. Kuna mambo yameingia kwangu. Ya wanawake. Niliona maneno mawili ya mwanzo nikajua si yangu kuyatizama. Sikufungua hata moja, wallahi. Lakini yalizidi, na kila nikikaa mato yanaangukia pale. Basi nikayasitiri."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita. Wewe kila nikikutafuta uko na watu, na jambo lenyewe si la kunena mbele ya watu."

Niwaambie kweli, nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mwengine angeyasoma yote akasimulia barazani. Huyu alisitiri siri za watu kwa karatasi na gundi, akafikiri amefanya la heri, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia lolote. Nilibandua ule ukanda. Yalikuwa mengi. Nikamwita Nuru asome, yeye ndiye mwenye haki ya kuyasoma, na Bwana Athmani akatoka akasimama ngazini na kisogo chake kwetu.

Nuru aliyapitia yale maswali toka juu hadi chini akifungua na kufunga, "Hili laweza kungoja, hili laweza kungoja," kisha moja akalisoma mara mbili. Lilikuwa la msichana wa Kiwayu aliyejiita Asumini. Tulimjua kwa jina hilo tu. Ameolewa karibuni, ana mimba ya kwanza, na alikuwa akimwandikia Bi Zena tangu mwanzo wa mimba, kwa simu ya mumewe, mchana, mumewe akiwa amelala baada ya kuvua usiku. Tangu Nuru aje hakuwa ameandika, mpaka juma lile. Mavyaa wake, mamake mumewe, ni mkunga wa kijijini, mwanamke mwenye jina lake. Msichana aliona haya kumuuliza mavyaa, na aliona haya zaidi mavyaa asikie kwamba anauliza kwengine.

Ujumbe wa kwanza: "Bi Zena, kichwa chaniuma tangu juzi, hakisikii dawa." Wa pili: "Mikono imefura, pete haivuki. Mavyaa asema ndiyo mimba ya kwanza. Uso nao sijitambui." Wa tatu, wa asubuhi ile ile: "Naona nyota mchana. Bi Zena, nijibu."

Na chini ya kila mmoja, jibu la mashine, lile lililokuja nalo: "Ujumbe wako umepokelewa. Asante kwa kuwasiliana nasi." Mara tatu ameshukuriwa.

Nuru alikuwa hacheki tena. "Huyu hangoji kesho, Bi Maimuna. Huyu akiachwa atapata kifafa cha mimba, na tutampoteza yeye na mtoto." Akaandika hapo hapo, kwa akaunti yake, amwambie mumewe ampeleke hospitali leo leo. Tukakaa tukitizama kioo. Jibu likaja upesi kuliko tulivyotarajia.

"Nuru ni nani? Mimi nilimwandikia Bi Zena peke yake. Nani mwengine asoma maneno yangu? Msiniandikie tena."

Nuru akaandika, akaomba, akaeleza. Hakujibiwa. Hatuna nambari yake ya simu, kwa kuwa mimi niliiondoa. Hatuna jina lake. Kiwayu si mji mkubwa, twaweza kupiga simu kwa mtu wa kule aulize nyumba kwa nyumba ni mke wa nani mwenye mimba anayeandika kwa siri, na jioni kijiji kizima kitajua. Na yeye akiulizwa mbele ya mavyaa wake atakana, atakana huku anaanguka. Nilimjua, ingawa sikumjua. Mimi pia nilipata kuwa bibi harusi ndani ya nyumba ya watu.

"Amtaka Bi Zena," nikasema. "Basi tumpe Bi Zena."

Nilitia kompyuta ndogo katika mkoba nikashuka. Nyumba ya Bi Zena haiko mbali, lakini vichochoro vyetu mwavijua, nikakutana na punda wawili wamebeba matumbawe, ikanibidi nirudi nyuma nizunguke. Nilifika natoka jasho. Dadake ndiye aliyenifungulia.

"Karibu, Bi Maimuna. Lakini ikiwa ni mambo ya kazi, mwate apumzike. Bado yumo katika eda."

"Nayua, dada. Mwache aseme mwenyewe."

Bi Zena alikuwa amekaa juu ya mkeka, nguo za mjane, bila pambo, tasbihi mkononi. Amekonda. Dadake alinong'ona kwamba tangu maziko hajatoa hata chozi, na hilo lawatia hofu kuliko kulia. Nilikaa karibu nikamweleza. Nilipofika kwenye nyota alishaweka tasbihi chini.

"Lete," akasema.

"Zena, watu watanena," dadake akasema.

"Watanena nini? Nimekatazwa kutoka, sikukatazwa kuzungumza na mwanamke mwenzangu. Lete hiyo kitu, Maimuna."

Sasa hapa ndipo mjue kwa nini mtu hujifunza kazi yake. Nilifungua akaunti yake, na programu, kama ilivyozoea, ikataka nywila mpya: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama, na isifanane na ya zamani. Ya zamani Bi Zena hakuikumbuka. Aandika, yakataa, aandika, yakataa. Nikaichukua, nikaingia kwa upande wa msimamizi, nikaondoa tiki pale paliposema mtumiaji alazimishwe kubadilisha nywila, nikampa ya muda ya maneno yanayoandikika na binadamu. Akaingia. Jina lake likarudi kuwa jeusi.

Aliandika kwa kidole kimoja, akisema kwa sauti kila neno.

"Mwanangu Asumini, ni mimi mwenyewe. Wewe ndiye huwezi harufu ya samaki na mumeo ni mvuvi, ukamwambia mavyaa wako ni jino. Hayo hakuna ayajuaye ila mimi na wewe."

Hata dadake alicheka, akaziba mdomo.

"Mume wangu amefariki, ndiyo sababu sikukujibu. Sasa nisikilize. Nenda kwa mavyaa wako sasa hivi, usiende kwa mumeo. Mwambie kichwa hakitoki na waona nyota. Mtajie nyota. Yeye ni mkunga, akisikia nyota atanyanyuka mwenyewe. Waambie wakulete hospitali ya Lamu kwa boti ya mashine. Mimi usinitaje. Usiogope, nakusubiri."

Akabonyeza. Tukangoja. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, dadake akaenda kutawadha, sisi hatukuondoka. Bi Zena alinishika mkono, akanibana hata pete yangu ikaniumiza, wala sikuutoa. Ya Rabbi, niliomba, asiwe ameshaufunga ukurasa wetu asirudi tena.

Kioo kikaandika: "Bi Zena. Nilidhani umenichoka."

Basi hapo Bi Zena alilia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, akimtaja mumewe kwa jina, na dadake akatoka mbio na maji yakimtiririka usoni akamkumbatia. Mimi nililia nao. Katikati ya kilio kile alinyoosha kidole akaandika, "Sijakuchoka, mwanangu. Nyanyuka." Jibu likarudi, neno moja: "Nanyanyuka."

Nuru alikwenda kukaa wodi ya wazazi akijifanya ana mgonjwa wake. Jioni alipiga simu. Boti imefika, msichana ameshushwa, na mavyaa wake ndiye aliyemshika njia nzima, kichwa chake mapajani, amelowa chumvi hata kilemba. Msichana alipasuliwa. Mtoto wa kike, mdogo, lakini analia vizuri. Mama alikaa kitandani siku nyingi, kisha wakachukuliwa na jamaa zao wa mjini amalize arubaini hapo hapo.

Mimi kesho yake niliketi nikaisoma ile programu kurasa zote kama mtu asomaye juzuu. Kufungwa kwa akaunti nikakuzima. Akaunti hufungwa na mtu, baada ya kuulizana. Amri ya kumpelekea mwengine nikaitoa ndani ya akaunti ya mtu, nikaiweka katika mipangilio ya kituo kizima. Akaunti kuu Bwana Athmani aliniomba mwenyewe nimwondolee, nikampa muuguzi wa zamu, naye akashukuru kama aliyetuliwa gunia. Kwenye fomu nikaandika wazi: Bi Zena hayupo kwa sasa, Nuru ndiye atakayesoma. Na lile jibu la mashine nikalifuta lote. Sasa lasema, "Bado hajakusoma mtu. Tukikusoma utaona jina la aliyekusoma. Ukiona hatari usitungoje." Fundi wa Mombasa nilimwonyesha kwa simu, akasema si la kitaalamu. Nikamwambia aje tena ale mofa tumfundishe.

Nanyi kila toleo jipya likija, fanyeni vivyo hivyo. Kwa kila tiki mliyoikuta imeshawekwa, jiulizeni ni nani hapa kwetu itakayemuumiza: mjane, mwali, mwenye kuazima simu. Mkishindwa kumjua, shukeni ngazi mkaulize watu. Msikae mkibonyeza.

Eda ya Bi Zena ilipokwisha, watu walikuja kumpa mkono hata juma la pili, na siku moja ya juma hilo nilikuwepo, nagawa kahawa. Akaingia mwanamke mmoja wa makamo, mkakamavu, nyuma yake msichana mwembamba na kitoto begani. Alisema watoka Kiwayu, marehemu alikuwa na jamaa kule, na kesho wanarudi kwao, akaona si vyema kupita bila kumpa mjane pole.

"Huyu ni mke wa mwanangu," akasema. "Nusura tumkose. Alinijia mchana akanambia, mavyaa, naona nyota. Sikungoja hata kuvaa viatu."

Bi Zena akamtizama msichana. Msichana alikuwa ameinamisha uso. Mimi nikaliweka birika la kahawa chini.

"Ulifanya vyema," Bi Zena akamwambia yule mama. "Mungu akulipe. Ulifanya vyema sana."

"Haya, mpe mkono Bi Zena," mavyaa akamwambia mkwewe.

Msichana akapiga magoti. Alimweka mtoto mapajani mwa Bi Zena, bila kuombwa, kisha akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akauinamia, asiuachie. Tulikaa hivyo mpaka mavyaa akaona aibu mbele za watu, akamgusa bega taratibu.

"Mwache Bi Zena mkono wake, mwanangu. Hata hamuyuani."